Baba Ananiita kwa Jina la Marehemu Shangazi

Bi Shadia, shikamoo. Nakuandikia kutoka Makere, mimi ni binti wa mzee Habonimana, mkulima aliyekimbia Burundi akiwa kijana na sasa ni raia wa hapa, naomba unisikilize maana nyumbani tunagombana juu yake. Alianza kwa kusahau jembe shambani, tukasema ni uzee, kisha akapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka yote, na sasa ananiita Akimana, dada yake aliyefia njiani wakati wanakimbia, ananishika mkono mchana kweupe na kusema, "Mushiki wanje, dada yangu, funga mzigo, mama anatungoja mtoni." Mwanzoni nilimwambia ukweli, "Baba, mimi ni Jeanne, Akimana alishafariki," akalia kama ndiyo kwanza anapata msiba, halafu anasahau, anauliza tena, namjibu, analia upya. Juzi nikashindwa, nikasema, "Mama katangulia, tule kwanza," akatulia, akala ugali wote. Kaka yangu Reverien akaja juu: "Unamdanganya baba mzazi! Humwogopi Mungu?" Yeye ndiye anamfungia baba chumbani kwa kufuli, na anasema jirani yetu Pelagia, mjane, ndiye kamroga, sasa anakusanya vijana wakamfukuze. Je, nimekosea wapi?

Jeanne, Makere

Marahaba Jeanne, na pole sana. Kwa ulivyomjibu juzi hukukosea. Ila mlipoona kapotea njia ya sokoni, mlingoja nini kumpeleka hospitali?

Sikiliza. Sehemu za ubongo hupashana habari kupitia nyuzi nyembamba. Uzeeni mawasiliano hayo hulegea kidogo, ndiyo maana hata mimi nafika jikoni nasahau nilichofuata. Lakini upo ugonjwa unaoitwa Alzheimer, ambao huziharibu nyuzi hizo mpaka sehemu zinaachana. Huenda baba anaiona sura yako, moyoni anajua wewe ni wake, ila jina lako halifikii. Linalokuja ni la zamani, kwa kuwa mambo ya ujana mara nyingi hukawia kufutika. Mimi si daktari, na yapo maradhi yanayotibika yanayofanana na huo, kwa hiyo mpelekeni Kasulu akapimwe wiki hii.

Usimpe tena taarifa ya msiba. Muulize Akimana alikuwa mtu wa namna gani, umwache asimulie.

Reverien, najua utasomewa hii. Moto ukiwaka, baba yako atatokaje humo ndani? Fungua hilo kufuli. Akitaka kutoka, toka naye, mzunguke shamba mpaka achoke, mrudi. Unamwogopa Mungu, vizuri. Basi usimwage damu ya mjane kwa ugonjwa ambao hakuuleta.

Jeanne, usisubiri kaka yako akubali. Ukimaliza kusoma nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mweleze kuhusu hao vijana, halafu upite kwa Pelagia ukae naye mpaka mwenyekiti afike.