Swali la Mama Kuhusu Kitabu Chako

Magunga,
9 Machi 1996

Kwa Babu Zadock mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kalamu mkononi. Ng'ombe wetu amezaa ndama mweupe.

Maktaba ya shule sasa ina riwaya zako kumi na mbili. Ninamsomea Mama ile ya mjane wa enzi za ukoloni aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, akashinda kesi kwa chifu.

Mvua imeanza, lakini tangu Baba afariki shamba letu halijapandwa. Unajua desturi: mjane hapandi kabla ya kurithiwa. Baba Mdogo Bonface anasema yuko tayari. Jana alimcheka Mama: "Shemeji, hicho kitabu kitakulimia?"

Baadaye Mama aliniuliza, "Nyara, binti yangu, huyo mwanamke, baada ya kushinda, nani alimsaidia kupanda?"

Nilitafuta hadi ukurasa wa mwisho. Babu, hukuandika.

Leo asubuhi Mama amebeba jembe, akaenda shambani peke yake. Majirani wanamtazama tu. Ninafunga barua hii nimpelekee mbegu.

Kama mwanamke yule alikuwa na binti, tafadhali mwandike.

Mjukuu wako,
Millicent