Umeme wa Mayai ya Dada

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimeteuliwa. Na nani? Na mimi mwenyewe. Waziri wa Umeme wa nyumba hii! Kiapo nimekula chooni, maana kwingine kote mama yupo.

Dada ameweka mayai kwenye mashine ya kutotolea. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao lenye kioo mbele, balbu mbili na feni ndogo. Alitoka nayo kwa shemeji, pamoja na begi la nguo na mkono wa kushoto usionyooka vizuri. Kuhusu mkono anasema aliteleza. Sawa. Nyumba ya shemeji ina utelezi kweli, maana si mara ya kwanza.

Mama kasema wazi tukiwa mezani: vifaranga vikitoka, dada abaki, auze, ajitegemee. Visipotoka, arudi kwa mumewe, hapa hakuna nafasi ya kulisha watu wazima. Akasema "watu", si "mtu". Nikajifanya napuliza chai. Kaka ana teksi, yeye ndiye analeta unga. Akikohoa kaka, mama anatafuta blanketi. Nikikohoa mimi, naambiwa nitoke nje nisiwaambukize.

Mayai yanataka joto bila kukatizwa, wiki tatu. Umeme wa mtaa huu unaondoka na kurudi kama mpangaji mlevi. Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, utaweza kweli?" Nikamwambia swali hilo akawaulize wanafunzi, mimi ni fundi.

Jumatatu, 3 Machi

Dukani kwa Baba Mdogo. Anauza na kutengeneza inveta na betri, na mimi namsaidia tangu shule iliponishinda — au mimi nilipoishinda, inategemea anayesimulia. Nyuma ya duka kuna rundo la betri zilizotupwa. Nikachagua moja ya pikapu, nzito, uso wa kiume.

Baba Mdogo akaguna. Ati chukua, na ile inveta ya zamani pia chukua, ila usiitegemee sana. Hiyo ni betri ya kuwashia gari, inapiga ngumi moja halafu inataka kukaa. Kazi ya kutwa ni ya betri ya sola. Ati iongezee maji ya betri, ichaji polepole, kisha unionyeshe.

Maji! Mgonjwa anakata roho, wewe unampa maji? Alipotoka kwenda kwa mteja nikachukua galoni la asidi. Nikajaza vyumba vyote vya betri, mpaka juu. Nikatumbukiza kipimo cha chaji — boya lake likaruka mpaka kwenye kijani na kupita! Hata betri mpya za dukani hazifiki pale. Sikumwonyesha mtu. Ufundi una siri zake.

Alhamisi, 6 Machi

UMEKATIKA! Na mimi nilikuwepo!

Nikabana klipu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikawasha inveta. Ikaguna kidogo, taa ya kijani, balbu za mashine zikawaka, feni ikazunguka. Mtaa mzima giza madukani, mayai ya dada yanaota jua. Dada akacheka. Sijamwona akicheka tangu arudi. Ana pengo upande mmoja, sikulijua.

Majirani wakaja na simu zao, nikawachajia. Mama Pili wa Jirani — namwita hivyo kwa sababu ananituma kuliko mama wa kwanza — kasema mimi ni mtoto wa maana. Nikamwomba arudie kwa sauti, mama alikuwa jikoni. Umeme ukarudi kabla betri haijatoka jasho.

Kaka alipokuja akatazama tu. "Hongera, dogo. Hiyo ya lori gani?" Hata hongera yake ina mwiba.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja. Shati limepigwa pasi, mikono imepakwa mafuta, anaongea na mama kama mtoto aliyezaliwa hapa. Amekuja "kumsalimia mkewe". Akainama mbele ya kioo cha mashine. "Ooo, mke wangu siku hizi anaatamia?" Mama akacheka. Mama! Akacheka!

Nikamuuliza shemeji kama ameshatengeneza sakafu ya kwake, maana watu wanateleza. Mama akanifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni. Nikiwa uani nikamsikia shemeji akisema hana haraka, mayai yana tarehe yake, na yeye anaijua.

Dada aliendelea kugeuza mayai, moja moja. Mkono wa kulia tu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya laana.

Asubuhi teksi ya kaka ikagoma kuwaka. Betri yake imekufa. Akaingia chumbani kwa dada, akabeba betri yangu. Yangu! Nikamshika shati. Akasema umeme si upo? Nikasema upo sasa. Mama akadakia kutoka jikoni: niache ushamba, kaka yangu akikosa kazi leo wote tutakula hayo mayai. Basi. Imekwisha. Kesi haina rufaa.

Mchana umeme ukakatika.

Mama, nimpe haki yake, akampigia simu. Kaka alirudi hapo hapo, kamshusha abiria njiani, akafungua boneti, akatoa betri. Teksi ikabaki imelala uani, na siku yake imekwisha. Nikabana klipu. Taa ya kijani. Nikamwambia dada, "Umeona? Tulia." Hata chai sijamaliza, inveta ikaanza kupiga kelele — pii, pii, pii — taa nyekundu, ikazima. Nikawasha tena. Pii. Ikazima. Nikasugua vichwa vya betri, nikabadili klipu, nikaipiga kofi. Wapi!

Dada akafunika mashine kwa blanketi, kanga, hata koti langu. Akapanga chupa za maji ya moto ndani. Jiko likawaka mpaka jioni. Kipima joto kikashuka tu. Tukakitazama kama watu wanaomtazama mtu akishuka ngazi. Umeme ulirudi giza limeshaingia.

Nikamwambia kaka mbele ya wote: umeinyonya! Umeitembeza mjini mpaka ukaimaliza! Akasema gari likitembea linachaji betri, dogo, nimeirudisha imejaa kuliko nilivyoichukua. Nikasema muongo. Dada alimtazama tu kaka, na mimi nikafurahi alivyomtazama.

Jumatano, 12 Machi

Dada amepima mayai kwa tochi, mlango umefungwa, mimi nashika trei. Yai hai lina mishipa, na kitu kinacheza. Yaliyokufa yana pete ya damu, kimya. Tuliyaweka kwenye ndoo. Alikuwa akisema "hili" na kunipa, "hili" na kunipa. Nusu nzima hivyo.

Kaka amenunua betri mpya ya gari. Alimletea dada soda. Dada kamwambia ampelekee shemeji, wanaelewana. Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikaongeza chumvi: nikasema hata Baba Mdogo anashangaa mtu anavyoweza kuua betri nzuri kwa nusu siku. Baba Mdogo hajui lolote bado. Kesho kutwa nampelekea betri.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Mdogo amefungua vifuniko vya betri, akanusa, akanitazama.

"Nani katia asidi?"

Nikasema niliikuta hivyo.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Akatumbukiza kipimo, boya likaruka kwenye kijani, palepale pangu pa kujivunia. Akasema kipimo kinasoma ukali wa kilichomo, hakijui kama ukali umetoka kwenye chaji au kwenye galoni. "Umempa mgonjwa pombe, mwanangu. Ukamwona anacheka, ukasema kapona." Mabamba ya ndani yameliwa na asidi. Ati betri hii ilishakufa kabla hajaibeba mtu yeyote, mwenye teksi wala mwenye lori.

Ana betri ya sola dukani, nzima, ya kuazimisha. Inaweza kushika ile mashine mchana mzima. Nikamwomba. Akasema atanipa, bure, niibebe leo leo. Ila kwanza nimwambie dada nilichofanya. Nimwambie mimi, si yeye.

Mzee wa ajabu! Anauza betri au anauza toba? Nikaondoka na mikono mitupu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitaka kumwambia. Alikuwa anafua. Nikasema "Dada." Akasema "Naam, fundi wangu." Nikamuuliza kama sabuni inatosha.

Jumatano, 19 Machi

Umeme upo. Umetulia kama mgeni anayetaka kitu.

Mayai hayageuzwi tena, yanajiandaa. Dada kaniuliza kama Baba Mdogo hawezi kutuazima betri siku hizi chache tu. Nikasema nimeshamwomba, kakataa, mkono wa birika yule. Akasema haya. Akasema angalau mimi nimejaribu, wengine wanabeba tu.

Kaka alikuwa mlangoni, alisikia. Akavua viatu, akaingia kulala bila kula. Siku hizi anakula mjini. Mama analalamika unga unabaki.

Shemeji kampigia mama. Atakuja Jumapili na gari la kubebea mizigo.

Jumamosi, 22 Machi

Umeme umekatika asubuhi. Lazima! Ungekosaje?

Na ndani ya mashine kuna sauti. Nimeweka sikio kwenye kioo, nimesikia mwenyewe — mayai yanalia! Yamefungwa bado, lakini yanalia. Dada alipiga magoti. Kipima joto kilikuwa kinaanza kushuka.

Kaka alikuja kula mchana, ajabu, na teksi akaiegesha uani chini ya dirisha la dada. Nikasubiri ashike kijiko. Nikachukua ufunguo mezani, nikawasha injini, nikafungua boneti, nikabana klipu kwenye betri mpya, waya nikaupitisha dirishani. Taa ya kijani! Balbu zikawaka. Mama akapiga kelele mafuta yanaungua. Nani kamsikiliza.

Halafu kaka akapata simu ya mteja, safari ndefu. Akatoka anajifuta mdomo. "Dogo, toa waya." Nikamtazama dada. Dada akatoka na kwenda kusimama mbele ya gari, tumbo limegusa bampa. Hajawahi kumpandishia kaka sauti, leo kapandisha. Ati nusu uliwaua, hii nusu hutoki nayo. Pita juu yangu.

Mama akasema mwanangu ondoka hapo, sikujua anamwambia nani.

Kaka hakufoka. Uso wake ulikuwa umechoka tu. Akasema, "Dada yangu, mimi sikuua. Nilirudisha betri nzima. Muulize huyu fundi wako, si aliipeleka kupimwa? Aseme walichokuta. Akisema ni mimi, nakaa hapa, injini inawaka mpaka usiku, mafuta yangu."

Wote wakageuka. Hata mama.

Dada akasema, "Mdogo wangu. Walikuta nini?"

Nikasema ngoja kwanza nikaangalie inveta.

Ndiyo maana niko huku chumbani kwa dada, na daftari hili. Inveta haina neno. Feni inazunguka. Yai la pembeni limetoboka, ncha ya mdomo inaonekana, inapumzika, inadonoa tena. Ningewaita waje waone, ila wakija watauliza.

Injini imezimwa. Sijui nani kazima. Taa bado ya kijani, inavuta kwenye betri peke yake sasa.

Dada ananiita. Hasemi mdogo wangu, hasemi fundi. Ananiita kwa jina, lote, mpaka la baba.

Nimesema nakuja. Ganda limepasuka zaidi, naona bawa, limelowa, limejikunja, la upande wa kushoto, halijanyooka —