Kura Ilipoangukia Kahawa ya Mama Yako

Nkatha wangu,

Mvua imenyesha hapa Embu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na nimeona nikuandikie kabla sijaanza kusahau mambo madogo. Bado nakosea. Jumapili nilinunua mkate wa kututosha wawili, nikakumbuka nikiwa tayari mlangoni.

Binti yako Kendi hajambo. Anafundisha takwimu chuoni kama ulivyotaka, ila analalamika kwamba wanafunzi wake wanabonyeza kompyuta tu, jibu linakuja. Nilimwambia mimi na mama yake tulikuwa tukizungusha mashine ya hesabu kwa mkono, mpini unalia kutwa nzima, mpaka wageni waliopita dirishani wakadhani tunasaga nyama. Akacheka. Ana kicheko chako kabisa. Ilinibidi nitazame pembeni.

Aliniuliza tulianzaje. Nikamweleza kuhusu bwana Njeru, mkubwa wetu pale kituo cha utafiti, alivyotuketisha sisi wasichana wawili tuliotoka shule juzi. Alituambia kwamba zamani za mkoloni mbegu mpya ilipandwa shamba hili, ya zamani shamba lile, kisha bwana shamba akapita akitazama na kuandika alichoona. Kama mbegu mpya ilikuwa karibu na mto, nani angejua kilichoshinda ni mbegu au ni udongo? Ndipo huko Uingereza, kabla sisi hatujazaliwa, mtaalamu mmoja wa takwimu kwenye kituo cha utafiti wa mashamba akaingiza kura: gawa ardhi vipande, rudia jaribio mara kadhaa, bahati iamue wapi upande nini. Halafu piga hesabu uone kama tofauti ni kubwa kuliko ile ambayo bahati yenyewe ingeleta. Mimi niliona ni mchezo wa bahati nasibu wa harambee ya kanisa. Wewe macho yako yaliwaka. Njiani kwenda nyumbani hukuzungumza kitu kingine.

Kisha ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa ukaingia Githongo, kwenu. Kulikuwa na dawa mpya ya kunyunyizia, na kituo kilitaka kujua kama inafaa kweli. Upepo ungeipeperusha kutoka mti hadi mti, kwa hivyo kila shamba lingepata jambo moja tu, dawa au bila dawa, na wale wa bila dawa wangepewa msimu unaofuata. Wakulima walikubali barazani. Wewe ndiye uliyetia mkono kwenye kofia ya bwana Njeru, na karatasi ya mama yako ikatoka bila dawa. Uliisoma kwa sauti ile ile uliyosomea zingine.

Sijasahau mama yako alivyokuja ofisini, kutoka Githongo kwa basi, na mkungu wa ndizi. Mjane, na kahawa ile ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Aliongea nawe Kimeru, polepole, akasema karatasi ni karatasi tu, zibadilishwe, hakuna atakayejua. Ukamwambia, "Mama, nikiibadilisha yako, majibu ya kila mtu yatakuwa ya uongo." Aliondoka bila kunywa chai. Wewe ulirudi kwenye mashine ukaanza kuzungusha, na hukuwa umeingiza nambari yoyote.

Msimu ule matunda yake yalikuwa meusi mtini. Kila Jumamosi ulienda kumlimia. Alikupikia mukimo wa viazi na mahindi, akakuwekea mezani, akatoka nje. Uliniambia afadhali angekutukana.

Mavuno yalipokuja uliniomba nizungushe mimi. Ulikaa ubavuni mwangu ukinisomea uzito wa mavuno ya kila shamba, na ulipofika wa mama yako uliusoma mara mbili, ulikuwa mdogo mno. Jibu lilipotoka, lilikuwa wazi: bahati peke yake isingeleta tofauti kama ile. Dawa ilifanya kazi. Ulilaza kichwa mezani ukalia, nami nikakusugua mgongo, sikujua kama ni furaha, na nadhani hata wewe hukujua.

Siku ya kuwaonyesha wakulima matokeo, bwana Njeru aliona aibu kuomba kulipitia shamba la mama yako. Mama alimtumia ujumbe mwenyewe kwamba tuje. Alisimama mbele ya watu wote akiwa amevaa kitambaa cha kanisani. "Hapa hapakunyunyiziwa," alisema. "Binti yangu alikataa kunipendelea. Tazameni hapa, kisha mwende kwa jirani, ndipo muamue." Halafu akakupa kikombe cha chai mbele ya baraza zima. Nilikuona unakinywa kikiwa bado moto, ili usimfanye angoje.

Sasa nikupe habari yangu. Presha imenipanda, na hospitalini wameniomba niingie kwenye jaribio la dawa mpya. Wengine tunapewa hiyo, wengine ile ya kawaida, vidonge vinafanana, kompyuta ndiyo inayopiga kura. Hata daktari hajui nimepata ipi. Muuguzi alinieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto, nikamwacha amalize, kwa sababu alieleza vizuri na wewe ungefurahi kumsikia. Nilifikiri njiani: kahawa haikuhitaji kufichwa chochote, lakini mtu akijua amepewa kipya anaweza kujisikia nafuu hata kama hakuna. Kumbe kazi yetu ilitoka shambani ikafika mpaka kwenye damu yangu. Natamani ungekuwepo tubishane juu ya hilo.

Lala salama, Nkatha. Nakuahidi nitameza vidonge hivi mpaka mwisho na sitamchungulia mtu faili. Siku watakapotangaza, nitapanda kuja Githongo ulikolala, nikae karibu nawe, nikusomee majibu yote, hata kama ni kwamba dawa mpya haina tofauti yoyote na ya zamani. Najua wewe ungeyapenda hivyo hivyo.

Wako,
Wanja