Usishuke Kujifungulia Rutamba

Rutamba,
Lindi.
11 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Valeria,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo zako nimezipata kwa simu ya mama yako mdogo Cecilia, marahaba sana. Hujambo, na tumbo lako je? Baridi ya Makete haijakuchosha? Sisi hatujambo. Baba yako bado hainuki bila kushikwa, ila mdomo umemrudia, kutwa ananigombeza, nami nashukuru.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia mpaka vocha inakwisha.

Chumba chako nilishakipaka chokaa. Unajua kwetu mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na mikono ya kwanza kumbeba ni ya bibi yake huyo. Wewe mwenyewe ulibebwa hivyo na marehemu mama yangu. Nimeingoja zamu yangu tangu ulipoolewa.

Sasa nakwambia usije.

Nesi Anjelina wa zahanati ndiye aliyenikalisha chini. Nilimjibu kwamba wewe ni wa hapa hapa, mbu wa ziwani walikuuma tangu mchanga, leo watakufanya nini? Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema mwili uliokaa miaka kwenye baridi huisahau malaria, na mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi. Mwezi wa nne, siku zako zikitimia, maji yatakuwa yamejaa mpungani, na kwa joto letu mbu watazaliana kama wamealikwa. Huko juu baridi haiwapi vijidudu vya malaria nafasi ya kukomaa tumboni mwa mbu. Mbu mwenyewe anakufa kabla.

Nilinuna, nikaona ananinyima mjukuu. Halafu nikapanda mlimani Rondo kwa Cecilia. Nililala na shuka mbili, na sikumbuki kusikia mbu sikioni. Niliporudi huku bondeni walinipokea mlangoni. Ikiwa kupanda Rondo tu kunaleta tofauti hiyo, sembuse milima yenu ambako umande unaganda?

Hata hivyo lala na chandarua. Umesema mabondeni kwenu nako wameanza kuonekana.

Ningekuja mimi, lakini nani atamgeuza baba yako kitandani? Nina hamu nawe, Valeria, hamu inayonifanya nipike chakula cha watu watatu. Chumba nimekifunga nisije nikaghairi.

Msalimie mumeo Lukas. Cecilia na kaka yako Klementi wanakusalimu. Mama mkwe wako Martina mwambie nimempa ruhusa, ambebe yeye kwanza, na asione haya.

Bikira Maria akushike mkono saa hiyo ikifika.

Mtoto akikua akauliza mbona hakuzaliwa kwetu, usimwambie ni mbali. Mwambie bibi yake alimtaka sana, ndiyo maana akamkatalia kuja.

Mimi mama yako nikupendaye,
Benadetha