Kompyuta Inayopenda Baridi

Jumatatu, 13 Januari

Imezima tena. Nilikuwa kwenye mazoezi ya hesabu, yale ya pembetatu ambayo ndiyo kwanza yameanza kuniingia — skrini ya bluu, halafu giza. Alhamisi nafanya mtihani wa kumaliza sekondari, hapa hapa sebuleni, msimamizi akinitazama kwa kamera. Ikizima katikati, basi, mpaka Septemba. Na nafasi yangu ya kusomea usaidizi wa wauguzi inakwenda kwa mwingine.

Ni Tyson. Mume wangu ameisukuma prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko ilivyoundwa kukimbia. Nimemuuliza ya nini, maana hata michezo hachezi tangu Maisie azaliwe. Akasema anapenda kuiona ile namba ya kasi. Anakaa anaitazama kama mtu anayeota moto.

Zuri ni moja: ikikimbia hivyo feni zinanguruma, na Maisie chumbani analala fofofo. Amezaliwa na ngurumo hiyo. Anadhani ndiyo dunia.

Jumanne, 14 Januari

Leo shida ni joto, anasema Tyson. Kaisogeza kompyuta dirishani, kafungua dirisha. Hapa Saskatoon, Kanada, mwezi wa kwanza. Nje kope zinaganda. Kaiwekea programu ya kuitesa, aone kama itazima, na imeteswa asubuhi nzima bila kuyumba. Akaja kunikumbatia kwa furaha, wote tuna makoti mazito — kama magodoro mawili yamegongana.

Mama mkwe akaingia na sufuria ya pirogi, vile vijisambusa vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Akauliza kama tumekatiwa gesi.

"Hapana, Mama," Tyson akasema. "Tunaipoza kompyuta."

"Na mjukuu wangu?"

"Yuko chumbani. Kule kuna joto."

"Kwa hiyo huku mnawasha gesi, huku mnafungua dirisha." Akakaa, akala pirogi akiwa amevaa glavu zake. "Marehemu baba yako alikuwa hivi hivi na mashine ya kukatia nyasi. Aliichezea mpaka ikakimbia kweli. Ikakimbilia kwa jirani."

Alipoondoka nikafunga dirisha nimbadilishe Maisie nepi kwenye kochi. Sijamaliza upande mmoja — imezima.

Jumatano, 15 Januari

Tyson kawauliza wenzake wa mtandaoni, wale wenye ugonjwa huu huu. Mmoja kasema ongeza umeme. Wa pili kasema punguza umeme, gusa kumbukumbu ya kompyuta. Wa tatu hakusema kitu, katuma picha ya kompyuta yake ikiwa ndani ya friza, pembeni ya samaki.

Akabadilisha yote kwa mpigo. Isipokuwa friza, maana nilisimama mlangoni pake. Sasa haiwaki kabisa, na hajui ni lipi kati ya aliyoyafanya limeiua. Nikamwambia mimi nikipika naonja kila nikitia kitu. Akasema hii si supu, mpenzi. Nikamwambia ingekuwa supu tungekuwa tumeshakula.

Nikamwomba airudishe kasi ya kawaida mpaka Ijumaa. Alinitazama kama nimesema tumuuze mbwa. Lakini akafanya. Ikawaka. Nikasoma mchana kutwa, haikuzima hata mara moja. Kimya, nikaanza kusikia friji inavyopumua.

Halafu nikamsikia Maisie.

Bila ngurumo hakulala tena. Tyson alirekodi ngurumo zamani, akamchezea kwenye simu — mtoto akaitazama simu kwa huruma, akaendelea kulia. Tukawasha mashine ya kufyonza vumbi, fyuzi ikakatika. Na sheria ya mtihani iko wazi: sauti ya mtu ikisikika, unasimamishwa.

Mama mkwe ameahidi kuja kumchukua asubuhi. Namshukuru Mungu kwa huyu mama.

Alhamisi, 16 Januari

Gari la Mama limegoma kuwaka. Baridi. Ile ile tuliyokuwa tunaifungulia dirisha.

Tyson akasimama katikati ya sebule, Maisie begani. "Niirudishe kwenye ile kasi kubwa? Atalala mara moja."

"Na ikizima?"

Akambusu mtoto kichwani, akaingia naye chumbani, akafunga mlango.

Nikaanza. Swali la pili tu, Maisie akaanza kuguna, kile kilio chake cha mwanzo. Halafu nikasikia feni. Vuuuuuu. Nikagusa kompyuta — imetulia, ya baridi. Sauti inatoka nyuma ya mlango. Ni mume wangu.

Msimamizi akauliza hiyo ni sauti gani.

"Feni," nikasema.

"Inavuta pumzi."

"Imechoka kidogo."

Akaandika kitu. Akasema niendelee.

Hesabu nimemaliza. Pembetatu zilikuja, nami nilizijua. Sasa ni mapumziko kabla ya sehemu ya kusoma, ndiyo naandika haya haraka haraka. Nimempitishia Tyson maji mlangoni. Macho mekundu, sauti imekwaruza kabisa.

"Niongeze kasi?" akanong'ona.

"Baki hapo hapo. Nakutaka ufike mwisho."

Skrini inaniuliza kama niko tayari. Koti bado ninalo, nimesahau kulivua. Maisie hajalala, lakini halii. Vuuuu, anasema baba yake. Halafu kimya kidogo. Halafu vu, kadogo, kembamba.

Feni zimekuwa mbili.