Nyasi Zako Zilikuwa Safi, Dada

Mpendwa dada Zaina,

Shikamoo. Naanza na hoja, kwa kuwa unanijua: tunda kavu kwa sungura ni zawadi, si chakula, na anayelitoa kwa viganja anaua. Hoja hii ilikuwa yako, nami niliipinga kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo kikuu juzi. Leo naitetea hadharani, humu gazetini, kwa sababu hadharani ndiko nilikokukosea.

Unaukumbuka ungo wako wa zabibu juu ya bati, pale nyumbani Ihumwa? Ulizitoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu, ukazianika, ukatupa kila iliyoota ukungu. Pamba, sungura wetu mweupe, alilijua kopo ulilozihifadhia. Ukiligusa tu, alisimama kwa miguu ya nyuma. Hata hivyo, hakuonja kitu kabla ya kula nyasi zake na kunywa maji. Ndipo ulipompa nusu ya zabibu, mara mbili kwa wiki, basi.

“Dada, huo ni uchoyo,” nilikuambia.

“Bwana Digrii, huyu si mgeni wa Idi. Tumbo lake ni la nyasi.”

“Kwani zabibu si mmea?”

“Hata tumbaku ni mmea. Nimwashie kiko?”

Kwangu mimi swali hilo lilikuwa jeraha.

Kisha ukaenda harusini kijijini Busi kwa siku tatu, ukaniachia Pamba. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na pakiti ya embe na nanasi kavu zilizopakwa sukari. Maduka tuliyoyajua matupu utotoni yalikuwa yamejaa bidhaa za nje, nami niliamini kwamba kila chenye picha ya rangi kimeshapimwa na wenye akili kutushinda. Nikajijengea hoja: kukausha ni kuondoa maji tu, na maji yapo bakulini, tatizo liko wapi? Nilimpa kiganja asubuhi, kiganja mchana, kiganja jioni. Alikula kwa furaha kiasi kwamba nilijihesabu mshindi wa mjadala wetu. Sikufikiri kwamba maji yakiondoka sukari haiondoki, na kwamba ile pakiti ilikuwa imeongezewa nyingine.

Siku ya pili hakugusa nyasi. Siku ya tatu alijikunyata pembeni akisaga meno, na bandani hamkuwa na hata punje moja ya kinyesi. Ulipofika, hukuvua hata viatu. Ulimpakata ukamsugua tumbo taratibu, ukimwita jina lake, hadi akakata roho mapajani pako.

Watoto wa jirani waliozoea kuja kumtazama walikuwa wamesimama pale na mama zao. Mmoja wa akina mama akauliza, “Jamani, alikula nini?” Nami, kwa sauti ya mtu anayetoa mhadhara, nikasema, “Nyasi alizoacha dada zilikuwa zimevunda.”

Uliniangalia. Pakiti ilikuwa imechomoza chini ya banda, karibu na mguu wako. Uliiokota, ukaikunja, ukaifunga kwenye pindo la khanga yako.

Majirani waliokuwa wakikuletea sungura wao wagonjwa uwatibu wakaacha kuja. Sungura wako wengine wawili waliobaki ukawagawia watu. Ulipopata kazi ya ualimu Haneti, ulikwenda bila kuchukua kopo lako.

Ninalo mimi. Nafuga wawili sasa, na jike amezaa. Wakubwa hupata nusu ya zabibu baada ya nyasi, isiyoongezwa sukari na iliyotolewa mbegu, na wanachokiacha nakiondoa siku ileile. Vitoto havionjeshwi kabisa. Kila nikilifungua kopo hilo, nalisikia lile swali la kiko. Nacheka kwanza, halafu nashindwa kuendelea kucheka.

Sikuombi unisamehe kwa siri. Nimekiri mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, wakiwemo majirani zetu, kwamba nyasi zako zilikuwa safi na mkono ulioua ni wangu. Nawe nijibu hapa hapa, wasome wao pia: ulijua, kwa nini ulinistiri? Na useme utakuja lini, kwa maana kati ya vitoto hivi kuna kimoja cheupe ambacho nimekataa kukipa jina. Jina hilo ni lako kulitoa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfungia aibu yake kwenye pindo la khanga.