Isale la Dukani

Pickering, nje kidogo ya Toronto

Dada Aika,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma naomba ukae chini, na kama shemeji yupo karibu avue kofia. Leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, mimi na mbuzi, yule kuku mwekundu ametaga. Yai lenyewe ni dogo na limepinda upande mmoja, lakini ni yai. Tangu baridi ianze kuku wa huku wamegoma, na mimi nimekuwa nikiingia bandani kila siku kuwasalimia kama mgombea ubunge.

Baada ya tangazo hilo, mgongo unaendeleaje? Wanao wanakusaidia kukata majani, au bado wanaugua kila unapotaja mundu? Sisi ni wazima. Wifi yako alikuwa na mafua, yamemwachia. Neema anakua. Anaelewa kila tunachosema kwa Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza, hasa anapokataa kitu. Nakuandikia karatasini kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi.

Uliniuliza baridi ya huku ikoje. Dada, sisi tumekua tukiiona theluji kule juu mlimani kila asubuhi, tukiwaonyesha wageni kana kwamba ni shamba letu. Hakuna aliyetuambia kwamba inaweza kushuka ikakaa mlangoni miezi na miezi. Naamka, nachukua beleshi, nachimba njia hadi bandani. Nikishawapa wanyama nyasi kavu na kuvunja barafu kwenye ndoo ya maji, nageuka kurudi, na njia yangu haipo.

Lakini kazi yenyewe si ngeni. Mbuzi wamefungiwa ndani, chakula wanaletewa, samadi inatolewa. Ni kihamba kilekile, shamba la nyumbani kwetu, migomba tu ndiyo imekosekana. Kila nikibeba mzigo wa nyasi nakumbuka ulivyonifundisha kuufunga, na kibao ulichonizaba mzigo uliponimwagikia njiani. Asante kwa vyote viwili. Kanisani Downsview wananicheka. Papa Furaha, Mkongo tunayekaa naye benchi moja, alisema mbele za watu, "Baba Neema, weye ulikimbia kijiji, kijiji kikakufwata mupaka Kanada!" Nikamjibu kwamba basi angalau kimenipenda.

Sasa habari yenyewe. Tunaishi upande wa nyuma wa nyumba ya Bibi Maggie, mjane mwenye kuku, mbuzi na nyonga mbovu. Bandani hawezi tena kwenda, kwa hiyo mifugo tunaitunza sisi, na kodi anatupunguzia. Baada ya ile miaka ya ghorofani Etobicoke, ambako jirani akikaanga samaki wewe ndiye unayenuka, hapa wifi yako analala usingizi wa kweli, na Neema amepata shule anayoiamkia mwenyewe bila kuitwa. Hatutaki kuhama. Hilo ulijue kwanza.

Bibi Maggie alinipa amri moja tu: matundu ya juu ya banda yasizibwe. Nikaitikia. Kisha ikaja baridi ile ambayo hata kamasi zinaganda puani. Nikasimama bandani nikamkumbuka bibi yetu, ambaye ng'ombe wake walilala ndani ya nyumba pamoja naye, wakipashana joto, na hakuna aliyedhurika. Nikaona Mzungu huyu hana huruma. Nikachukua nailoni nikaziba kila tundu. Nilichosahau ni kwamba bibi yetu alikuwa na moto katikati ya nyumba, na paa la nyasi linalopumua.

Pumzi za wanyama zikakosa pa kutokea. Zikageuka maji, maji yakawarudia, usiku yakaganda. Siku chache baadaye jogoo wa Bibi Maggie, anayempenda kuliko wanawe walioko Vancouver, akaamka na kile kilemba chake cha nyama kimekuwa cheusi nchani. Mbuzi mkubwa naye akaanza kukohoa.

Kuficha nisingeweza, maana jogoo huyo huwa anapelekwa dirishani kila asubuhi asalimiwe. Bibi Maggie akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Uliziba matundu."

"Niliona wanasikia baridi."

"Wana manyoya, Elinami. Aliyekuwa anasikia baridi ni wewe."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba theluji ikiyeyuka tutafute mahali pengine.

Nikang'oa nailoni yote. Jogoo nikampaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mbuzi akaacha kukohoa. Bibi hakuacha kununa. Nilimwomba radhi mara nyingi, lakini nilimwomba kwa Kiingereza, na huku watu wanauomba radhi hata mlango wakiugonga, kwa hiyo haikuwa na uzito wowote. Wifi yako akaanza kuokota maboksi matupu huko anakofanya kazi. Akayapanga ukutani kama mtu anayejiandaa kuhama.

Basi nikiwa dukani natafuta balbu, nikaona masale. Dada, masale yetu, mimea ileile tunayopanda mipakani mwa mashamba! Wanayauza kwenye vyungu vyeupe, yamefungwa utepe kama yanakwenda kuoa. Nikanunua chungu kimoja. Wifi yako akanipokea mlangoni.

"Baba Neema, tunafukuzwa, na wewe unanunua mpaka?"

"Nampelekea bibi."

"Kwani bibi ni Mchaga?"

"Isale haliulizi kabila."

Akafikiri. "Haya. Lakini vaa shati la maana."

Nikavaa. Nikachuma jani moja, nikalipiga fundo kama alivyokuwa akifanya marehemu baba, nikampelekea kwa mikono miwili.

Bibi Maggie akaliangalia. "Mmea huu ninao bafuni."

"Kwetu unaitwa isale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, unamsamehe. Hukatai."

"Na nikikataa?"

"Haijawahi kutokea."

"Haijawahi, au hamsemi?"

"Hatusemi."

Mdomo ukamcheza. Akalipokea jani, naye kwa mikono miwili bila kufundishwa na mtu, akaliweka dirishani. "Uzio wa nyuma umeoza," akasema. "Theluji ikiyeyuka utautengeneza. Na huo mmea uliobaki usiumwagilie sana. Wewe huruma inakuzidi."

Wifi yako akapiga vigelegele jikoni, vya chini kwa chini, tusije tukafukuzwa tena kwa kelele. Neema akauliza, kwa Kiingereza, kama anaweza kumpelekea jani moja mwalimu wa hesabu.

Dada, nashukuru. Nashukuru kwa nyumba yenye joto, kwa bibi ambaye hasira zake zina mwisho, na kwa baba aliyetuchosha na mila zake mpaka mojawapo ikanifuata huku. Jumapili nilisimulia kanisani habari yote, na nguvu ya isale nikaieleza kwa kirefu. Papa Furaha alifuta macho.

Msalimie shemeji, na mtoto wake yule fundi baiskeli. Mama mdogo mwambie sweta alilonifumia ninalo mwilini kila siku. Linakaa ndani ya makoti mengine, kwa hiyo halionekani, lakini linafanya kazi. Mjukuu wako mchanga mbusu kwenye paji la uso kwa niaba ya babu yake wa barafuni.

Mdogo wako akupendaye,
Elinami

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Wifi yako amerudi sasa hivi kutoka duka la vyakula vya mifugo. Mwenye duka amemwambia kwamba Bibi Maggie alibandika tangazo pale, akitafuta watu wengine wa kukaa hapa na kutunza wanyama, akalibandua siku moja kabla sijampelekea isale. Hakuna aliyepiga simu.